Rubondo kwa Mtu wa Nyahanga

Maji yanayotoka bombani Nyahanga, Kahama, yanavutwa kutoka Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi. Sato anayekaangwa jioni kando ya barabara Kahama mjini katoka ziwa hilohilo, na dagaa wa sokoni kadhalika. Kwa hiyo mwongozo huu wa kisiwa cha Rubondo haukupeleki ugenini. Kisiwa kiko kusini magharibi mwa ziwa, mkoani Geita, na mtu akiondoka Kahama alfajiri na mapema, akabahatika na magari, anaweza kulala huko siku hiyohiyo.

Nimewakusudia wasomaji wawili. Wa kwanza ni yule anayetaka kwenda kukiona kisiwa kwa macho yake. Wa pili ni yule ambaye huenda asikanyage Rubondo maisha yake yote, lakini siku moja atagongewa mlango usiku na mtu mwenye kiroba begani, aambiwe mna mali ndani na bei ni ya kutupa. Huyu wa pili ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu anayewamaliza wanyama wa kisiwani ni mnunuzi aliyetulia bara. Sheria inalijua hilo, ndiyo maana haikomei ufukweni. Inavuka maji, inapanda basi, inaingia sokoni, kwa mganga, kwenye karakana ya seremala na uvunguni mwa kitanda chako.

Kisiwa na wakazi wake

Rubondo ilitangazwa pori la akiba mwaka 1965, na wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi pale wakahamishwa. Mwaka 1977 ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 457, na karibu nusu ya hilo ni maji. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 28 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na kimezungukwa na visiwa vidogo vidogo. Sehemu kubwa ni msitu: mikuyu mikubwa, mikwaju, mimea tambazi iliyoning'inia, na mafunjo mengi pembezoni mwa maji.

Hakuna simba pale, wala chui, wala fisi. Kwa sababu hiyo utamwona nzohe kwa namna ambayo si rahisi kumwona kwingine. Nzohe ni jamaa yake pongo, ila maisha yake ni ya tope. Kwato zake ni ndefu na zinachanuka anapokanyaga, ndiyo maana anatembea juu ya mafunjo yaliyolala bila kuzama. Akishtuka anajitosa majini na kutulia huko, pua tu ikiwa juu. Bara huwa haonekani kirahisi, maana anajificha kutwa nzima ndani ya matete. Rubondo, kwa kuwa hana wa kumrukia, hutoka mpaka msituni kula majani mchana. Ukimwona, simama mbali na unyamaze. Jike ana rangi ya kahawia nyekundu na madoa meupe. Dume ni mweusi zaidi na ana pembe zilizojisokota.

Nzohe, kiboko, mamba, tumbili, pongo, kanu na fisi maji ni wenyeji wa asili. Wapo na wengine walioletwa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek wa Shirika la Wanyama la Frankfurt alileta sokwe 17 waliokuwa wakifugwa katika bustani za wanyama Ulaya. Fikiri jambo hilo kwa makini: sokwe aliyezoea kuletewa ndizi kwenye kizimba anashushwa msituni, na hakuna wa kumwonyesha tunda lipi linalika wala namna ya kutandika kiota mtini. Wakajifunza. Wajukuu na vitukuu wao leo ni sokwe mwitu kamili, wanakimbia watu na kulala juu ya miti. Waliletwa pia tembo sita, twiga na mbega, na wote hao wamezaana. Vifaru weusi na korongo, yule swala mkubwa, nao waliletwa, lakini leo hawapo.

Habari ya vifaru ndiyo nakuomba uishike. Bara, pongo wakiisha katika kichaka kimoja, wengine watakuja polepole kutoka kichaka cha jirani. Kisiwani hakuna jirani. Aliyeisha ameisha, mpaka mtu alete mwingine kwa boti au kwa ndege, kwa gharama ambayo nchi haina kila siku. Kwa sababu hiyo askari wa Rubondo hawacheki na mtu mwenye waya mmoja wa kutegea.

Wakazi wengine waliopelekwa ni kasuku. Mwaka 2000 kundi la kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu, waliokamatwa kwenye biashara haramu, waliachiliwa huru Rubondo. Ndege huyu ana bei kubwa duniani kwa sababu anaiga sauti ya mtu, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 2016, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikutana Johannesburg zikamweka kwenye orodha ya juu kabisa, ile inayopiga marufuku biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini. Tanzania imo katika mkataba huo tangu mwaka 1979. Kwa hiyo akija mtu na kasuku wa kijivu kwenye kikapu pale stendi, akakwambia kamtoa Kongo na ana karatasi zote, jua kwamba karatasi halali za ndege huyo haziuzwi stendi.

Kufika na kukaa

Kutoka Nyahanga njia ya kawaida ni Geita, kisha Chato hadi Muganza. Karibu na Muganza kuna Kasenda, ambako boti ya hifadhi huchukua wageni. Kutoka hapo majini si mbali. Wengine huvukia Nkome, upande wa Geita, lakini huko safari ya maji ni ndefu zaidi. Wasiliana na hifadhi kabla ya kuondoka nyumbani, maana boti haikai kukusubiri kama daladala. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa fedha mkononi, na Mtanzania hulipa kwa shilingi kiwango kidogo mno kuliko mgeni kutoka nje. Beba kitambulisho cha NIDA ili ulipe kama mwananchi. Mkiwa kikundi, kwa mfano walimu na wanafunzi au wanakwaya, gharama ya boti mtaigawana na itakuwa nafuu.

Kama huna nafasi ya kwenda mbali, Mwanza mjini kuna Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, kisiwa cha mawe kilichopewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale. Unavuka kutoka Capri Point kwa muda mfupi, unatembea, unarudi mjini kula chakula cha mchana. Watoto wa shule wanafaa kuanza na hiyo.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ni mizuri kwa kutembea msituni. Novemba hadi Machi mvua zipo, lakini ndipo maua na vipepeo vinapokuwa vingi, na ndege wahamiaji wamefika. Mimi ningekushauri wakati wa mvua, kwa ajili ya okidi. Rubondo ina aina nyingi za okidi mwitu zinazoota juu ya matawi ya miti mikubwa bila kugusa ardhi. Mizizi yake inaning'inia hewani, myeupe na minene, ikinywa unyevu wa mvua na ukungu wa ziwa. Watu huzipita bila kuziona kwa kuwa wanatafuta tembo. Mwombe mwongozaji akuonyeshe moja, usimame chini yake uitazame vizuri. Kisha iache ilipo. Okidi zote duniani zimo kwenye orodha za CITES, na hii ya Rubondo inalindwa pia na sheria ya hifadhi za taifa. Ukiing'oa ukaipanda kwenye kopo Nyahanga itakufa, kwa sababu Kahama haina hewa ile.

Vaa nguo za mikono mirefu, na uepuke bluu na nyeusi kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o. Usioge ziwani, mamba wapo, na kichocho pia. Jioni viboko hupanda nchi kavu kula majani. Ukimkuta kiboko amekwisha toka, usijiweke kati yake na maji, maana njia ya maji ndiyo njia yake ya usalama na atakupitia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kisiwani hawatakuvumilia nayo. Usibebe mbegu wala miche ya aina yoyote. Gugu maji liliingia ziwani kama ua la kupendeza kwenye mabwawa ya watu, na tangu miaka ya mwisho ya 1980 wavuvi wanahangaika nalo.

Kwa sokwe kuna jambo moja zito. Mafua yako yanaweza kumuua. Mwili wake unafanana mno na wetu, magonjwa yetu ya kifua yanampata, na yeye hana zahanati. Kama umeamka na mafua siku ya kwenda kuwatafuta, mwambie mwongozaji, ubaki kambini. Itakuuma, umesafiri na umelipa, lakini baki. Wengine vaeni barakoa, msiteme mate, msile mbele yao, na msisogee zaidi ya pale mtakapoambiwa.

Usiondoke na kitu. Manyoya ya furukombe yaliyoanguka, jino la kiboko lililooshwa na mawimbi, fuvu, ganda la yai, tunda, kijiti cha kuni: vyote vibaki. Wageni wengi hudhani kilichokwisha kufa hakina mwenyewe. Hapa pana kosa linalowafunga watu.

Nyara

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya serikali. Sehemu yoyote ya mnyama huyo, akiwa hai au mfu, inaitwa nyara: nyama, ngozi, pembe, jino, kucha, mfupa, manyoya, yai, mafuta, mkia. Kukutwa nayo bila kibali ni kosa linalojitegemea. Mwendesha mashtaka hahitaji kuthibitisha kwamba wewe ndiye uliyeua. Hahitaji kuonyesha kwamba ulijua ilitoka hifadhi gani. Imekutwa kwako, na huna karatasi, basi. Kesi hizi huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na hukumu ya miaka 20 jela ni ya kawaida kabisa katika mahakama zetu. Mtu kakutwa na vipande vya nyama kwenye ndoo, kaenda miaka 20. Nayaandika haya kwa uzito kwa sababu wanaofungwa mara nyingi si matajiri wa biashara hiyo. Ni mbebaji, dereva wa bodaboda aliyepewa mzigo, mama mwenye nyumba ambaye shemeji yake aliacha begi.

Anza na nyumba yako. Familia nyingi za Usukumani zina vitu vya wazee: kipande cha ngozi ya simba kutoka enzi za watemi, usinga wa mkia wa nyumbu, mjeledi wa ngozi ya kiboko, pembe ya kupiga kwenye ngoma. Umerithi kwa heshima, lakini kurithi hakukupi kibali. Nenda mwenyewe kwa afisa wanyamapori wa wilaya au halmashauri kabla hujafuatwa, ukiongozana na mwenyekiti wa mtaa, ueleze kitu hicho kilivyofika kwako na uulize taratibu za kukisajili au kukikabidhi. Kwa kitu chenye thamani kubwa, ongea na wakili kwanza. Usikifukie, usikichome, na usimpe mtu akuhifadhie, maana hapo umemtia jirani kwenye kosa lako.

Nyamapori ya kula ipo kihalali. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori yenye usajili. Nunua huko, dai risiti, na itunze mpaka nyama iishe. Nyama iliyokaushwa inayopitishwa nyumba kwa nyumba kwa minong'ono, ikiitwa swala, usiiguse hata kama bei ni nusu ya ng'ombe.

Sasa kakakuona. Katika ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Kakola mpaka Rwamgasa, mnyama huyu anatafutwa na watu wanaoamini kwamba anavuta utajiri. Mchimbaji ameshuka duarani mwezi mzima, anatoa mawe matupu, deni la karasha linaongezeka. Ndipo anakuja mtu kumnong'oneza habari za ndagu: lete kakakuona, au magamba yake tu, na mwamba utafunguka. Kijana anauza pikipiki yake. Nimewahi kuliona gamba la kakakuona kwa karibu: ni gumu, la rangi ya kahawia, lina mistari myembamba kama ya ukucha wa kidole gumba cha mkulima. Na ukucha ndivyo hasa lilivyo, ni keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha na nywele zako. Kama kingekuwa na uwezo wa kuleta dhahabu, tungejikata kucha tukapumzika. Kakakuona anazaa mtoto mmoja kwa wakati, na akiogopa hana mbinu nyingine ila kujikunja mviringo. Mbinu hiyo inamshinda simba, ila mtu anamwokota tu akamtia kwenye kiroba. Aina zote za kakakuona zilipandishwa kwenye orodha ya juu ya CITES mwaka 2016, katika mkutano uleule wa kasuku.

Wazee wetu wengi walimheshimu mnyama huyu. Akionekana kijijini walimpeleka kwa mkubwa, na mpaka leo watu humfikisha ofisi ya mkuu wa wilaya. Sehemu ya desturi hiyo inafaa bado: usimuue, usimuuze. Ukimwona, mwache alipo na upige simu kwa afisa wanyamapori au TAWA, mamlaka inayosimamia wanyamapori nje ya hifadhi za taifa. Usimbebe mwenyewe kwa nia njema, kwa sababu askari wa kizuizini hawezi kuisoma nia yako.

Kwa waganga wa tiba asili nasema kwa heshima, maana mama zetu wamewatibu watu wengi kwa mizizi na majani: usajili wenu katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala haugeuki kibali cha nyara. Ngozi, mafuta na kucha za wanyama katika kilinge chako zinahitaji kibali chake. Na wewe mgonjwa, ukipewa hirizi, uliza kilichoshonwa ndani, kwa sababu utakayekutwa umeivaa ni wewe.

Wacheza ngoma nao wanahusika. Sherehe za Bulabo pale Bujora huwavuta watu maelfu kuyaona makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yakishindana, na chatu ndiye kivutio kikubwa. Nayapenda mashindano hayo na ningeumia kuyaona yakifa. Chatu hai, hata hivyo, ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji leseni. Viongozi wa vikundi waikate kwa jina la kikundi na waitembeze nakala wanapozunguka mikoani, hivyo chatu atacheza bila mtu kulala polisi. Chatu mwingine, yule anayeingia bandani kula kuku wakati wa masika, usimpige. Hana sumu. Funga mlango wa banda, waondoe watoto, na mwite afisa wanyamapori. Kobe unayemwokota njiani naye asigeuke mfugo wa watoto. Yuko ndani ya sheria hiyohiyo.

Miti

Hapa ndipo mtu wa Nyahanga hukosea bila kujua, kwa sababu mti haukimbii na hauna damu. Isipokuwa mninga. Ukiukata mninga ukiwa hai unatoa utomvu mwekundu, unatiririka kwenye gome na kuganda mweusi, na wakata mbao wa zamani wa Unyamwezi walikuwa wakiutumia kama rangi na dawa. Mbao zake ndizo zilizotengeneza milango na vitanda vya nyumba nzuri za Kahama: kahawia yenye wekundu, mistari iliyojichora yenyewe, harufu tamu fundi anapopiga randa. Mwaka 2022 mininga yote ya Afrika iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES pamoja na mkongo, ikimaanisha kwamba biashara ya kuvuka mipaka inahitaji kibali maalumu. Mpingo na jamaa zake waliingia kabla ya hapo, katika mkutano wa 2016. Msandali wa Afrika Mashariki uliingia mwaka 2013, baada ya watu kuung'oa hadi mizizi kwa ajili ya mafuta ya manukato.

Ndani ya nchi, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaitambua baadhi ya miti kuwa ya hifadhi, na miti hiyo inahitaji leseni hata ikiwa imeota nje ya msitu wa serikali. Mti umeota shambani kwako, baba yako aliuacha makusudi kwa ajili ya kivuli, na bado unahitaji leseni kuuangusha. Wengi hulalamikia hili na nawaelewa. Lakini nenda ukaone ilivyokuwa Shinyanga kabla ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, wakati miti ilikuwa imefyekwa ili kuwamaliza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na vumbi likabaki. Ngitili za wazee, yale malisho yaliyofungwa mpaka kiangazi, ndizo zilizorudisha kivuli katika mkoa huu kwa maelfu ya hekta. Miti ya ngitili haikurudi kwa kuachiwa kila mtu na shoka lake.

Ukinunua mbao Nyahanga, fanya hivi. Mwombe muuzaji akuonyeshe TP, ile hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Soma aina ya mti, idadi ya vipande, gari na tarehe; TP ya mwezi uliopita ya mbao 40 haiwezi kuhalalisha mbao 100 za leo. Tazama mwisho wa gogo au mbao kama kuna alama ya nyundo. Dai risiti inayotaja aina ya mbao, si "mbao mchanganyiko". Mzigo ulioingia usiku kwa kujificha utilie shaka. Fundi mzuri hakasiriki ukimuuliza haya. Akikasirika, vuka barabara uende kwa mwingine.

Matimba ya machimboni yanahitaji uangalifu wa pekee. Kila duara linameza miti kwa wingi: nguzo za pembeni, za kukinga paa, za ngazi, na zinaoza, zinabadilishwa. Mwenye duara huagiza kwa simu tu, "niletee matimba gari mbili", na hajali yametoka msitu upi. Akikamatwa mleta mzigo, anamtaja aliyeagiza. Wenye maduara wangefanya vema kununua mikaratusi ya kupandwa kutoka kwa wakulima, kwa mkataba na risiti. Haidumu kama mti wa asili, lakini inakua upesi na haina kesi.

Samaki, kwa ufupi

Maji ya Rubondo ni mazalia ya samaki, na uvuvi wa biashara humo hauruhusiwi. Wageni huvua sangara kwa ndoano kama mchezo, kwa kibali. Samaki wanaokulia pale hutoka nje ya mpaka, na ndio wanaofika kwenye nyavu za wavuvi wa Nkome na Muganza. Sokoni, kataa sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya 25. Pima kwa shubiri zako ukiujua urefu wake. Nyavu za timba na makokoro ni marufuku chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, kwa hiyo samaki wadogo wengi wa bei poa karibu siku zote wametokana navyo.

Mnyama akikudhuru

Kulinda wanyama hakukuondolei haki. Sheria inakuruhusu kujiokoa na mnyama anayekushambulia. Ukimuua katika kujiokoa, toa taarifa mara moja kwa mtendaji wa kijiji au kata na kwa afisa wanyamapori, na usikate hata kipande cha nyama: mzoga ni wa serikali. Anayegawa nyama kwanza na kutoa taarifa baadaye huwa amekwisha jigeuza mtuhumiwa.

Tembo au kiboko akila shamba, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho, na mtu akijeruhiwa au kufa familia hupewa kifuta machozi. Kwa mazao, kanuni hizo ziliweka kikomo cha ekari tano, na shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikuhesabiwa. Piga picha za uharibifu na nyayo siku hiyohiyo, kabla mvua haijafuta, na hakikisha afisa kilimo amefika kupima. Fomu isiyo na vipimo hukaa mezani. Fedha yenyewe ni ndogo ukilinganisha na hasara, na inachelewa. Wakulima wanaoidai wana haki ya kuendelea kudai kupitia kwa diwani na mbunge wao.

Kutoa taarifa

Ukishuhudia biashara ya nyara au magogo ya wizi, usimfuate mtu wala usijifanye mnunuzi ili umnase. Wapo waliofanya hivyo wakaunganishwa kwenye kesi, na wapo waliopigwa. Kumbuka mambo machache: mahali, saa, namba ya gari au pikipiki, ulichoona kwa macho na ulichosikia kwa masikio, ukitenganisha kimoja na kingine. Peleka polisi, TAWA, TFS kama ni miti, au kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Una haki ya kuomba jina lako lisitajwe. Kama mtu unayemfahamu ndiye anakuuzia, mkatalie waziwazi na mapema: "Kaka, hiyo siinunui, na hapa kwangu usiiache hata dakika moja." Sema kwa sauti ambayo jirani atasikia.

Na ukimpiga picha kakakuona au chatu aliyeonekana mtaani, usiitume kwenye makundi ya WhatsApp ukitaja mahali kabla wahusika hawajamchukua. Wanunuzi wamo kwenye makundi hayohayo, na bodaboda zao huwahi kuliko gari la serikali.